Usikikate Kimya cha Mwanzo

Faida,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda kuwaaga watu wa soko la Base Camp, na vumbi la baiskeli bado halijatua barabarani. Nimekaa kwenye meza ya mashine, karibu na dirisha, kwa sababu hapa ndipo jua la alasiri hukawia kuliko pengine popote katika nyumba hii. Nje maharagwe yameanikwa juu ya turubai, na kuku wa jirani anayatazama kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Kesho wakati kama huu utakuwa Mbarara. Mimi nitakuwa hapa hapa, nikitega sikio upande ambao sauti yako haitatokea.

Sitaandika habari za kufunga mlango, za kuchemsha maji, wala za nani umsalimie kwanza. Baba yako amezisema wiki nzima mpaka mbuzi wetu anaweza kuzirudia. Nataka kuandika juu ya kitu kilichofanya tusitazamane vizuri tangu Jumapili: mashine, na wimbo utakaoufungua mbele ya yule mwenye studio.

Nilikuwa karibu nawe alipopiga simu. Sauti yake ilitoka kubwa hata nikaacha kuchambua mchele. "Kuja na wimbo moja tu," alisema, kwa Kiswahili kile cha mjini kinachotembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. "Ile umetengeneza wewe mwenyewe. Tutafungua hapa kwa kompyuta yangu, unanionyesha kila sauti peke yake. Kama iko sawa, unabaki kazi. Kama haiko sawa, unarudi kwenu, hakuna ubaya." Ukamwuliza anatumia programu gani. Akasema Cubase. Ukashukuru, ukakata simu, ukabaki unatazama ukuta.

Nilijua kilichokushika. Wimbo wako umekaa katika Reaper, na ngoma zake ulizitengeneza katika FL Studio. Faili ya kazi ya programu moja haifunguki katika nyingine. Ni kama kumpelekea mshonaji vipimo vilivyoandikwa kwa alama za mshonaji mwingine. Nguo ni ile ile, mwili ni ule ule, lakini hawezi kukata hata mkono. Ndipo ukafikiri jambo la karibu kabisa: uende na laptopu yenyewe, uiweke juu ya meza yake, uufungue wimbo ndani ya nyumba yake ya kawaida.

Lakini laptopu si yako wala si yangu. Ni ya kwaya. Ilinunuliwa kwa maharagwe ya watu wote.

Jumapili baada ya ibada tulipokaa kikao, ulisimama ukaomba vizuri, nami nilikuwa mwisho wa benchi na karatasi ya ukatibu magotini. Nakumbuka kila neno kwa sababu nililiandika.

"Mutoto ni wetu, tunamupenda," alisema Baba Mapendo, rais wa kwaya yetu, akijikuna kidevu. "Lakini mashine ni ya kwaya."

"Akienda nayo, siye tutabakia na nini?" Mama Riziki akaruka. "Nyimbo zote ziko mule ndani. Tutaimba na mikono mitupu?"

"Nitairudisha, Mama Riziki."

"Na ukiolewa kule?"

"Siendi kuolewa, ninaenda kutumika."

"Bote banasemaka vile!" Watu wakacheka, hata wewe ukacheka kidogo, kisha Baba Mapendo akauliza wanaokubali wainue mkono. Uligeuka ukanitazama. Mkono wangu ulikuwa na kalamu, ukaendelea kuandika.

Tangu siku hiyo umenisalimia, umeniletea maji, umeosha vyombo, na hujaniambia neno lolote la moyoni. Nami sikukueleza, kwa sababu nilikuwa bado najieleza mwenyewe. Leo nimepata maelezo. Ni marefu kidogo, yanaanza kabla hujajua kusoma.

Unakumbuka mistari ya majivu? Labda huikumbuki. Ulikuwa na umri wa kukaa mgongoni. Kwaya ilikuwa imepewa laptopu ya kuazima na maikrofoni moja, na ndani ya laptopu ile mlikuwa na Audacity peke yake. Mimi ndiye niliyemaliza sekondari, basi ikaamuliwa kwamba mashine inanihusu. Niliichukua nyumbani nikaisoma kama nilivyosoma bayolojia zamani, ukurasa kwa ukurasa, nikiandika katika daftari langu la kila siku nilichojifunza na kilichonishinda. Kulikuwa na maikrofoni moja na watu wazima wengi wenye mapafu ya kulima. Nikachota majivu jikoni, nikachora mistari katika sakafu ya kanisa. Mstari wa karibu ulikuwa wa wazee wenye sauti za chini. Wa kati, wa wanaume vijana. Sauti za kwanza zilisimama nyuma, na Mama Riziki nilimweka mlangoni. Mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Mbona minaimba na mbuzi?" aliuliza.

"Mama Riziki, wewe ukiwa huku ndani, hatuwasikii wengine."

Jibu hilo linamfurahisha mpaka leo.

Hivyo ndivyo nilivyomiksi wimbo wetu wa kwanza, kwa miguu ya watu. Na nakwambia, ulikuwa mzuri. Audacity ni programu ya mtu mwenye sauti moja na haraka: unaifungua, unabonyeza kitufe chekundu, inasikia. Haina makuu, inakaa katika mashine dhaifu, na hakuna faili ya sauti ya kawaida ambayo inakataa kuifungua. Lakini kilichoingia pamoja kimeingia pamoja. Mwalimu wa kwaya aliposema sauti ya tatu ipande kidogo, hapakuwa na sauti ya tatu ya kupandisha. Palikuwa na kanisa zima limeshikana kama ugali.

Na mimi nikaongeza kosa langu. Siku ile upepo ulikuwa unapiga mabati, nikaona aibu na mlio ule. Nikatumia kifaa cha kusafisha kelele, nikasafisha, nikasikiliza, nikasafisha tena. Kelele zikaondoka. Zikaondoka pamoja na pumzi, na ncha za maneno, na ile harufu ya chumba ambayo sauti hubeba, sijui niiite nini. Watu wakaimba kama waliozama ziwani. Nikahifadhi, nikafunga. Nilipofungua siku iliyofuata kutaka kurudi nyuma, hapakuwa na nyuma ya kurudi. Nasikia siku hizi Audacity mpya inakuruhusu kuweka dawa na kuiondoa bila kugusa sauti yenyewe. Ile yetu haikuwa hivyo. Tangu hapo, mwanangu, nikiona kitu safi sana huuliza kimesafishwa na nini.

Kisha ikaja FL Studio, na kwa muda nilidhani nimeota mbawa.

Kwaya ilikuwa imeshanunua hii laptopu. Kwanza nilikwenda Mbarara kutafuta programu, na kijana mmoja wa duka la simu akaniwekea moja ya wizi, akaniambia, "Nyabo, hii iko fulu, hakuna shida." Ilifanya kazi siku chache, kisha ikakataa kufunguka, ikaondoka na picha za ubatizo wako. Nikarudi na akili, nikaweka FL ya majaribio, iliyo halali. Sijui kama nimewahi kukueleza furaha ile. Vile visanduku vidogo unavyowasha kimoja kimoja, na ngoma inaanza kutembea! Nilimaliza jioni nyingi nikipanda visanduku kama mtu anayepanda mbegu, na baba yako amelala akipiga mguu usingizini kwa mwendo wa ngoma yangu. Kwa kutengeneza biti, kwa kujenga kitu pasipokuwa na kitu, sijaona mfano wake. Udhaifu wake kwetu ni kwamba inapenda kitu kinachojirudia. Nyimbo zetu hazijirudii. Zinaanza zikitembea kama mtu aliyetoka kuamka, na mwishoni zinapanda, zinapanda, mpaka akina mama wanavua viatu. FL inaweza kufuata mwendo unaobadilika, ukijua kuiambia. Mimi sikujua. Niliweka mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nikawaimbisha watu juu ya ule mlio wa kuhesabu. Baba Mapendo alisikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Wimbo ni muzuri. Ila hauna miguu."

Nikaanza upya. Na hapo ndipo ilipotokea safari ile.

FL ya majaribio inakupa karibu kila kitu. Inakuruhusu hata kuhifadhi kazi yako. Lakini ukiifunga, haikufungulii tena kazi uliyohifadhi mpaka uwe umelipia. Wenyewe wameliandika wazi, nami nililisoma, nikaliandika katika daftari, na nikatoa uamuzi ambao mtu yeyote mwenye utaratibu angeweza kuutoa: nisiifunge. Wimbo ulikuwa unakaribia kwisha. Nikaacha laptopu wazi mchana na usiku, mfuniko umeinuka, nikiitazama kama mtu anayelinda kaa la moto lisizimike. Wewe nilikukataza kupita karibu. Wanakwaya walipokezana zamu. Nikawaambia wote, kwa mdomo wangu huu: "Wimbo uko mule ndani. Ikizimika, umekwenda."

Kisha mawingu yakakaa juu ya Juru hii yetu, paneli ikawa inalamba jua kidogo tu, na betri ikaanza kushuka. Kule Base Camp kulikuwa na duka la kuchaji lenye jenereta. Basi tukaondoka.

Hii safari unaikumbuka, maana ulikuwa umeshaanza shule. Nilibeba laptopu wazi mikononi mbele ya kifua, kama mtu anayebeba sinia ya chai kwa mgeni mkubwa. Sikuthubutu kushusha mfuniko. Mama mmoja alinishikia mwavuli, ule wa waridi, ili manyunyu yasiiguse. Wewe ulishika waya wa chaja nyuma yangu kama kamba ya mbuzi. Wengine walitembea pembeni wakizuia upepo kwa vitenge vyao. Na mbele yetu alikwenda Mama Riziki, akipiga kelele barabara nzima:

"Mutupishe! Mutupishe fasi! Tuko na mugonjwa!"

Watu walisimama. Wanaume walivua kofia. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi aliiegemeza kwenye mti akauliza kwa huruma, "Pole, ndugu zangu. Nani anaumwa?"

"Wimbo," akajibu Mama Riziki bila kusimama.

Nikifumba macho naiona bado ile barabara nyekundu yenye unyevu, na mwanga wa skrini ukinipiga usoni, na ile mistari ya rangi ya sauti zetu imetulia mbele yangu kama mashamba yanayoonwa kutoka mlimani. Nadhani sijawahi kubeba kitu kwa uangalifu kama ule, ukiacha wewe. Soko la Base Camp lilikuwa limeshaonekana. Nilisikia hata jenereta. Kisha skrini ikawa nyeusi. Haikulia, haikutoa onyo. Nikajiona uso wangu mwenyewe ndani yake, na mwavuli wa waridi juu yangu.

"Amekufa?" akauliza Mama Riziki, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

Tukakaa kando ya barabara. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Baadaye Mama Riziki akaanza kuuimba taratibu, na wengine wakaingia, na tukauimba wote mpaka mwisho, pale kwenye majani yaliyolowa, na ulikuwa na miguu. Niliusikia nikafikiri: huu hapa, sasa nani ataushika?

Miaka ilipita. Ulikuwa kidato cha pili, unacheza na mashine siku ya mvua, ukaniita. "Mama, hapa kuna kitu cha kutoa sauti nje. Unaitoa kila sauti kama faili yake, hata kwenye hii ya majaribio."

"Kilikuwapo tangu zamani?"

"Tangu zamani, Mama."

Nilikwenda nje nikasimama na kuku. Tulikuwa tumelinda mlango siku zile zote, na dirisha lilikuwa wazi. Ningeweza kuzitoa sauti zote, nikaifunga mashine, nikalala.

Sasa umeona nilipofika Jumapili, Faida. Mama Riziki aliposema nyimbo zote ziko mule ndani, nilisikia sauti yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyewafundisha. Hawakukunyima kwa choyo. Waliogopa kusimama tena kando ya barabara. Na kuinua mkono wangu kusingewaondolea hofu hiyo, kungewaonyesha tu kwamba katibu anampendelea binti yake. Ila ningeweza kusema neno. Ningeweza kuwaeleza nilichojifunza siku ile ya mvua. Sikusema, maana nilikuwa bado naona haya kwa safari ile ya mwavuli. Hilo ndilo ninalojutia, kuliko kura.

Naomba nikusimulie sasa kitu ulichokifanya wewe, kwa sababu sidhani kama unakijua ukubwa wake.

Ulipoileta Reaper nyumbani, niliitazama nikaona sura ya ofisi ya serikali, menyu juu ya menyu, rangi ya majivu. Haikuja na ngoma za maana wala vinanda vya kufurahisha mtu. Lakini ilikuwa nyepesi hata mashine yetu haikupumua kwa shida, na muda wake wa majaribio ulipokwisha iliendelea kufunguka, ikitukumbusha tu kwa adabu, kila siku, kwamba hatujalipa, mpaka kwaya yenyewe ikaona haya ikailipia. Inakuacha upange kazi upendavyo. Hiyo ndiyo nguvu yake, na kwa mtu asiyejua anachotaka ni mateso.

Wewe ulijua. Ulitaka kila mwimbaji awe na traki yake, mstari wake mwenyewe, lakini wimbo ubaki na miguu. Ulimwita Mama Riziki kwanza. Ukamweka katika kile chumba ulichokizungushia blanketi ili kelele za nje zisiingie, hedifoni kichwani, peke yake. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Mama Riziki! Akatoka analia. "Munaniweka mule kama mufungwa. Siye hatuimbaka peke yetu." Ningekuwa mimi ningerudi kwenye mistari ya majivu. Wewe uliingia naye ndani, ukamshika mkono, ukazima ule mlio wa kuhesabu wa mashine, ukaanza kuhesabu wewe mwenyewe kwa mdomo. Moja, mbili, tatu. Polepole mwanzoni, na wimbo ulipotaka kupanda uliharakisha hesabu, ukipumua nao. Hesabu ile ukairekodi kwenye traki ya kwanza. Kisha kila aliyeingia chumbani alikusikia wewe masikioni, akakufuata. Watu waliimba siku tofauti, mmoja ametoka shambani, mwingine ana mafua, na wote wakapanda mlima kwa wakati mmoja kwa sababu walikuwa wameshika sauti moja.

Programu gani ingefanya hilo? Kwa hiyo wakikuuliza huko mjini ipi ni bora, na watakuuliza, vijana wa studio hupenda ugomvi huo kuliko mpira, usijifanye huna maoni. Waambie Audacity kwa kushika haraka, FL kwa kuota, Reaper kwa kupanga. Cubase siijui, sikiliza wanaoijua. Nasikia ina nguvu sana katika kuandika noti na kunyoosha sauti za waimbaji, na kwamba ni nzito na inataka mashine yenye afya. Ijifunze kwa heshima. Wakiicheka Reaper yako, cheka nao kidogo, kisha uwachezee wimbo. Lakini moyoni ujue kwamba kila moja ya hizi ilinipa kitu na kuninyima kitu, na kila mara nilichonyimwa nilikuwa nakijua tayari kwa njia nyingine, kwa majivu, kwa kuimba kando ya barabara. Nilichelewa kuamini.

Leo mchana, ulipokwenda kufua nguo, nilifungua wimbo wako. Sikugusa ulichokipanga. Nilifanya kazi moja tu: nilitoa sauti zote nje, kila mtu faili yake ya WAV, ile ya sauti ya kawaida inayofunguka katika programu yoyote, na ngoma zako, na gitaa, zote zikianzia pale pale, kwenye sifuri ya wimbo. Zilipokuwa zinatoka Mama Riziki alipita na bakuli la karanga zako za safari, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mazoea.

"Unafanya nini na mashine yetu?"

"Natoa sauti zenu ziende na mtoto."

Akashtuka. "Na huku?"

"Zinabakia. Zinaenda na zinabakia."

Hakuniamini. Nikampa hedifoni, nikamwekea faili yake. Akasikiliza, akakunja uso. "Haina kitu humu. Mumenifuta!"

"Ngoja."

"Minangoja mpaka wapi?"

"Wewe unaingia ubeti wa pili. Hicho kimya ni fasi ya wenzako. Tukikikata, huko Mbarara utaingia mwanzoni, utaimba juu ya kichwa cha Baba Mapendo."

Akangoja, amefumba macho, bakuli tumboni. Niliona midomo yake ikiimba kimya sehemu za wengine, moja baada ya nyingine, mpaka zamu yake ilipofika na sauti yake ikaingia masikioni mwake. Akashika ukuta. Kisha akavua hedifoni.

"Basi hata mashine ingeweza kwenda," akasema.

"Haina haja tena."

"Mumwambie arudi aitumie." Akaweka karanga mezani, akatoka, kisha akarudisha kichwa. "Na asiolewe haraka."

Sikuridhika na hilo peke yake, unanijua. Nilichukua flashi nikaenda kwa mwalimu jirani, ambaye laptopu yake ina Audacity na haina kingine. Nikaziingiza faili zote, zikajipanga moja chini ya nyingine, nikabonyeza. Wimbo ukasimama, Faida. Katika mashine isiyotujua, ndani ya programu usiyoitumia, ukasimama wote, ukapanda pale unapopanda. Mwalimu aliacha kusahihisha madaftari. Kwa hiyo utafunguka na kwa yule bwana. Kama atakupenda au hatakupenda, hilo siwezi kulitoa kwenye flashi. Lakini hutakaa mbele ya skrini nyeusi na kuona uso wako.

Akitaka kukata vile vimya vya mwanzoni ili faili zionekane nadhifu, mwambie kwa adabu asikate.

Traki moja sikuitoa. Ile ya hesabu. Wao hawaihitaji, maana anayehesabu hasikiki katika wimbo uliokwisha. Inabaki hapa kwenye mashine ya kwaya, na sidhani kama rais wetu atapinga. Ila ujue iko wapi katika zile utakazobeba: mwanzoni mwa kila faili, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, kuna kimya, na kila mtu katika kimya kile anakusikia wewe.

Kengele ya baiskeli inalia kwenye kona. Mama Riziki ameshakuona, anakuuliza kwa nguvu kama Base Camp imehamia Kampala. Flashi iko chini ya bakuli la karanga. Kesho gari lako likishapita kijiji cha Masha na ng'ombe wake, nami nikiwa nimekaa kwenye meza hii, nitaifungua ile traki, nihesabu nawe.

Mama yako